Chai Haijitokezi Mezani: Ufunge Ukurasa wa Mjukuu Wangu

Ndugu Mhariri wa gazeti la Jumamosi,

Huna haya wewe. Mtu mzima, una ofisi, una meza, nasikia hata mlango unafunguliwa na mtu mwingine, na bado unamruhusu mjukuu wangu ajaze nusu ukurasa kila wiki kwa habari za njiwa. Salamu nitakupa mwishoni, ukizistahili.

Mimi ni bibi yake yule anayeandika "Raha Ndogondogo za Mjini". Nimesoma mpaka darasa la tatu, lakini madarasa hayo matatu niliyasoma yote, sikuruka. Gazeti lako nalisoma mwenyewe kwa miwani yangu, kidole mstari kwa mstari, na nikifika mwisho huwa nimeshapandwa na hasira. Kwa hiyo, kwa heshima zote, nakuomba jambo moja tu: uufunge ukurasa huo. Sababu zangu nimezipanga kwa namba ili usijifanye hukuziona.

1. Uongo. Jumamosi ile ya kwanza kabisa aliandika hivi: "Asubuhi, dirishani kwangu, chai hujitokeza mezani ikifuka mvuke, na mji hunipa habari zake." Mhariri, chai haijitokezi. Uyoga ndio hujitokeza. Chai hupikwa, na anayeipika ni mimi, kwenye jiko la utambi linalogoma kila likisikia baridi. Na dirisha si lake. Dirisha ni langu, kiti ni changu, hata mto anaoukalia nimeushona kwa gauni langu la zamani. Chake pale ni kalamu tu, nayo aliiokota posta. Nikamuuliza, "Mume wangu," maana ndivyo ninavyomtania, "mbona mimi simo humo?" Akanijibu, "Bibi, ukiingia wewe, utulivu unatoka." Jitu la miaka thelathini na mbili, lina ndevu, linaniambia maneno hayo huku likininyooshea kikombe niongeze.

2. Benchi la mbele ya posta. Pale ndipo tulipokuwa tukipumzika, mimi na mwenzangu muuza vifungo, tukitoka sokoni na vikapu vyetu. Miaka kumi na moja tumekaa pale, hakuna aliyetuuliza kitu. Mjukuu wangu akaandika kwamba kukaa benchi lile na kutazama njiwa "humwosha mtu moyo". Basi Jumatatu yake nalikuta limejaa watu wenye madaftari. Wamekaa, wanatazama njiwa, wanashusha pumzi. Nikamgusa mmoja bega: "Mwanangu, sogea bibi yako aketi." Akanijibu bila hata kugeuka, "Samahani bibi, natafakari." Nikamwambia atafakari amesimama, miguu yake mizima. Unajua alifanya nini? Akayaandika maneno yangu kwenye daftari, akamwonyesha mwenzake, wakacheka! Sasa mimi na muuza vifungo tunapumzika kwenye ngazi za benki, na mlinzi hutufukuza kila tunapoanza tu kunyoosha magoti.

3. Fundi viatu. Huyu alikuwa mtu wa kazi. Hushika misumari kwa midomo, na kwa kuwa hawezi kusema, huguna wimbo kwa pua. Sisi wateja tulimpenda kwa hilo: hana maneno, anagonga tu. Mjukuu wangu akamwandika, eti "fundi aimbaye kwa misumari". Tangu siku ile watu wanakuja kumsikiliza. Fundi siku hizi anavaa kofia kama mwanamuziki. Misumari anaitia mdomoni asubuhi, anaitoa jioni, hakuna hata mmoja uliogusa soli. Kiatu changu cha kushoto kipo kwake wiki ya tano. Nilipokwenda kukidai aliniinulia mkono ninyamaze, maana alikuwa katikati ya ubeti. Kwenye arusi ya mtoto wa dada yangu nilikwenda na kiatu kimoja na kandambili moja. Wakwe wakaona mwendo wangu wakanihurumia, wakanikalisha pembeni na wazee wasiosikia, na chakula kilifika kwetu kimebaki mchuzi.

Hapo utaona, Mhariri, ugonjwa wenyewe ulivyo. Mjukuu wangu akikisifu kitu, kitu hicho kinaacha kazi.

4. Paa. Hili ndilo lililonifanya nitafute bahasha. Tunakaa ghorofa ya juu kabisa. Bati limetoboka, na tundu lenyewe, kwa akili zake, limechagua juu ya kitanda changu. Nilimwendea mwenye nyumba mara nne, na mara ya nne akaahidi kuleta fundi Jumatatu. Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo, wewe ukachapisha nini? "Raha ya Mvua Ndani ya Ndoo." Kwamba tone la kwanza ni zito na la pili jepesi. Kwamba nyumba isiyovuja ni "nyumba bubu". Nyumba bubu! Mwenye nyumba amekikata kipande hicho, amekibandika mlangoni kwake. Nilipokwenda kumuuliza fundi yuko wapi, akakigonga kwa kidole: "Bibi, gazeti linasema mnafurahia. Mimi ni nani niwanyang'anye raha yenu?" Hana haya huyo naye, lakini hoja kapewa na nani? Kapewa na wewe, kwa wino wako.

Nikatia kitambaa ndani ya ndoo ili angalau isilie. Mjukuu wangu akakitoa, eti tone limepoteza sauti. Nikakirudisha. Akakitoa. Mvua ilinyesha wiki nzima, Mhariri, na wiki nzima mimi na mtu niliyemfundisha kushika kijiko tumevutana kitambaa juu ya ndoo, huku godoro langu likinywa maji.

5. La tano nilikuwa nalo, godoro limenisahaulisha.

Basi, ombi langu ni lile lile: funga. Nimeambiwa hutaki kwa sababu wasomaji wanampenda. Sawa, watu wana subira nyingi. Kama huwezi kufunga, mhamishie matangazo ya vifo. Kule sifa zake hazitamdhuru mtu. Anayesifiwa keshaacha kazi tayari.

Kama na hilo haliwezekani, basi abaki, lakini asifu vitu nitakavyomchagulia mimi. Orodha ninayo. Aanze na mlango wa mwenye nyumba, namna unavyogongeka vizuri. Wiki inayofuata ausifu usingizi wa mwenye nyumba wa mchana, kuanzia saa nane mpaka saa kumi, dirisha la pili kutoka kwenye bomba, pasisahaulike. Hao wenye madaftari wajipange chini ya dirisha wamsikilize anavyokoroma, washushe pumzi huko. Akitoka hapo amsifu mlinzi wa benki, alivyo mpole, anavyopenda kuongeleshwa. Halafu akisifu kiti chako, Mhariri, kile ninachosikia kinazunguka. Kisha sisi tukae tuone Jumatatu utakalia nini.

Usiseme nina wivu. Mimi raha za mji huu nazijua tangu yeye hajazaliwa. Najua duka gani lina kivuli saa sita, na ngazi ipi ina upepo. Najua kona ambayo ukisimama unasikia redio tatu kwa pamoja bila kuwasha yako. Sijamwambia mtu, na ndiyo maana bado zipo. Yeye nilimwonyesha mwenyewe, nimemshika mkono, akiwa na meno ya maziwa. Kumbe nilikuwa namfundisha mpiga mbiu.

Naishia hapa, hasira ninazo lakini mikono nimenawa. Nisalimie wapiga chapa, na wanaofagia karatasi, maana hao najua wanafanya kazi. Msalimie dada wa mapokezi aliyeniambia malalamiko yana sanduku lake. Nimeliona, kufuli lina kutu. Mkeo mpe pole. Na wewe pokea salamu, japo nusu.

Ni mimi,
Bibi wa ghorofa ya juu, mwenye dirisha

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeichana ili niongeze hili. Mjukuu wangu amerudi sasa hivi kutoka ofisini kwako. Hakwenda dirishani. Amekuja jikoni, amekaa kwenye kigoda, amemenya vitunguu vyote, hata vya kesho, bila kuambiwa. Nikamuuliza, "Kulikoni, mume wangu?" Akasema umemwondoa. Kwamba nusu ukurasa wake umewapa watu wa sabuni ya unga, na kwamba ulimwambia siku hizi hakuna anayesoma mambo kama yale.

Nani kakwambia hakuna anayesoma? Mimi ni nani? Miaka mitatu nakisogeza kidole juu ya mistari ile, sijaacha Jumamosi hata moja, na zote nimezitunza chini ya nguo zangu nzuri. Muuza vifungo naye husomewa na mimi, tena hudai nirudie. Na nani kakupa ruhusa ya kumnyamazisha? Kumsema mjukuu wangu ni kazi yangu, nimeianza kabla hajajua kutembea, na sijamwomba mtu wa ofisi anisaidie. Nilikuomba, ndiyo. Wewe ukiombwa jambo la kijinga na bibi mwenye hasira unapaswa kukataa. Ndiyo maana ukapewa meza.

Sabuni itafutie pa kukaa. Kesho asubuhi umwite, umwombe radhi mbele ya wenzake, umrudishie nusu yake ya ukurasa na umwongezee nusu nyingine. Aandike anachotaka, hata paa. Jumamosi nitakuwa wa kwanza kwa muuza magazeti. Nisipomwona humo, nakuja na kigoda changu nikae mlangoni pako.

Na barua hii ukimaliza kuisoma, ichane vipande vidogo vidogo, asije akaiona.