Malalamiko Dhidi ya Kuku Anayeitwa Wifi

Kwa Ndugu Afisa Mifugo,
Ofisi za Mji.

Kuhusu: Kuku wanne wanaofugwa bustanini

Ndugu Afisa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na itakukuta mezani kwako, maana mimi nilipokuja Jumatatu sikukukuta.

Mimi ni mama mstaafu. Nilisimamia chumba cha kufulia nguo hospitalini, kwa hiyo utaratibu naujua na siandiki kwa hasira. Naandika kuhusu kuku wa wifi yangu, mjane wa marehemu kaka yangu, ambao naomba waondolewe kisheria.

Mimi na wifi tunakaa nyumba moja yenye milango miwili, yeye mbele, mimi nyuma, na bustani iko ubavuni. Kaka alipofariki mimi nilitaka azikwe na suti ya kahawia, wifi akataka ya kijivu. Alizikwa na ya kijivu. Tangu siku hiyo hatusemeshani. Naeleza hili ili uyajue mazingira ya mifugo tu. Suti si hoja yangu, ingawa ya kahawia ndiyo iliyokuwa ikimkaa.

Wifi ni mshona mapazia. Kuku aliwaleta baada ya msiba, akisema kwamba nyumba imekuwa kimya mno. Hakuniambia mimi. Alimwambia muuza mboga huku akiangalia dirisha langu. Kimya hicho, Ndugu Afisa, nilikuwa nakitunza mimi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuku hawaheshimu mipaka. Bustani tumeigawana kwa macho. Mchicha ni wangu, maua ni yake. Kuku wanakula kwangu, wanataga kwake. Hili nililivumilia, nalitaja kwa ajili ya kumbukumbu.

2. Kuku mmoja amepewa jina lisilo la kuku. Ni mweupe, mnene, anatembea akikagua kila kona kama anayetafuta mfanyakazi aliyelala. Anaitwa Wifi. Kila asubuhi nikiwa na kikombe mdomoni nasikia, “Wifi, toka kwenye maua. Hutosheki tu?” Nikiitika, nimeitika jina la kuku. Nisipoitika, nimemnunia mkubwa mwenzangu. Naomba ofisi yako inielekeze, kwa maandishi, mtu katika hali hiyo afanye nini.

3. Kuku wanatumwa maneno bila ridhaa yao. Ilianza hivi. Wifi alisimama katikati ya bustani akawaambia, “Nyie kuku, mwambieni jirani yenu bomba lake linavuja.” Lilikuwa linavuja kweli, nikaita fundi. Ili nisionekane sina adabu, nilimwendea kuku mweusi nikamwambia, “Mwambie aliyekutuma bomba limepona, na mapazia ya watu aliyoyaanika yanakaribia kunyeshewa.” Wifi alitoka mbio kuyaanua. Toka hapo imekuwa mazoea. Mimi, mtu mzima, nimefika mahali pa kumwambia kuku kwamba presha yangu imepanda. Kesho yake nikakuta mlangoni mayai mawili ya kuchemsha, yamefunikwa kwa sahani, hayana hata punje ya chumvi. Kuku hawachemshi mayai, hasa ya kwao wenyewe.

4. Kuku hawaleti majibu sawasawa. Nilimuuliza yule mweusi kama huko mbele bado zipo picha za kaka alipokuwa kijana. Akachakura chini akaenda zake. Jioni nikamsikia wifi akimwambia kuku mwingine kabisa, mwenye madoadoa, “Picha ziko kabatini. Anayezitaka, mlango haujafungwa.” Sikwenda. Mwaliko aliopewa kuku siwezi kuuitikia mimi. Ila picha nazitaka.

5. Kuku wanapewa habari nzito kabla ya familia. Wiki iliyopita wifi alikuwa anawamwagia pumba, mimi naanua nguo. Akawaambia, “Kuleni vizuri. Mwisho wa mwezi mimi nahamia kwa mwanangu. Hapa sina wa kuongea naye.”

Nilisimama na shuka mkononi mpaka kuku wakamaliza kula. Mashuka ya hospitali nimeyakunja maisha yangu yote, wauguzi walikuwa wanakuja kuyaangalia tu. Lile nililikunja kama tambara.

Nikafikiri nani wa kumtuma. Mweusi nilishamjua kwamba hana kichwa cha kushika maneno. Nikamwendea yule mweupe chini ya kamba ya nguo, nikachuchumaa, magoti yenyewe haya, nikamwambia taratibu, “Wifi, usiende.”

Akaninyia kandambili.

Kama ujumbe ulifika, sijui. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa. Mjumbe anayepokea neno kama lile akaondoka bila kutoa hata dalili ya kuelewa hafai kuachwa mjini.

6. Kwa hiyo naomba kuku wote waondolewe kabla mwezi haujaisha. Hoja yangu ni nyepesi. Wifi ni mwanamke aliyelelewa, hawezi kuhama bila kuaga. Mimi hanisemeshi, kwa hiyo anayeweza kumuaga ni kuku tu. Kuku wakiondoka hatakuwa na wa kumuaga, na asipoaga atabaki. Nimeipitia hoja hii mara nyingi na sioni inapovuja. Kama ofisi haina gari la kuwabeba kuku wanne, basi naomba muda huo wa mwisho wa mwezi wafungiwe mahali wasipoweza kusikia.

Nakushukuru kwa muda wako. Nisalimie mlinzi wa getini, aliyenipa kiti nilipokuja, na dada wa mapokezi, mwambie mguu wangu umepungua kuvimba. Wasalimie na wa nyumbani kwako wote, pamoja na mifugo yako kama unayo, ingawa kwa kazi yako natumaini huna.

Ni mimi, mkazi mwenye subira ambayo sasa imebaki kidogo,
Mama wa Mlango wa Nyuma

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, mlango wangu umegongwa. Nimefungua, nimemkuta wifi. Nikaangalia chini kutafuta kuku, hakuna kuku. Akasema, “Siku ile ulipomsemesha kuku nilikuwa nyuma ya pazia, nilikusikia. Sasa niambie mimi.” Nimemwambia. Haikuwa rahisi, kuku hawana macho ya namna ile ya kumkazia mtu. Akakaa, akaomba chai, akauliza naandika nini, akaisoma barua yote tangu juu. Anasema ni barua nzuri ila namba moja ni uongo mtupu, mchicha tulikubaliana ni wa wote. Amekwenda kuleta picha. Kuhama ameahirisha, hakusema mpaka lini, nami sikuuliza.

Kwa hiyo, Ndugu Afisa, usije. Kama umeshapanga gari, lirudishe. Badala yake tunaomba, sasa ni sisi wawili tunaoomba, utujulishe kama kanuni za mji zinaruhusu jogoo mmoja. Wifi ameshamwona sokoni, na mimi namtafutia jina.