Balbu Yenu Imekataa Kuungua

Kwa Meneja wa Mauzo,
Kampuni ya Taa za Sinema.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA BALBU INAYODUMU

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba kazi zinakwenda. Kwetu pia zinakwenda. Shida yetu ni kwamba haziachi kwenda.

Mimi ndiye mwendesha mashine wa ule ukumbi wa sinema mliouuzia balbu mpya miezi saba iliyopita. Huenda unanikumbuka kwa barua zangu za nyuma, zile kumi na moja, nilizowaandikia nikiwasihi mnitafutie balbu ya projekta inayodumu. Balbu zenu za zamani ziliandikwa kwenye boksi kwamba zitakwenda saa elfu moja. Kwa miaka tisa mfululizo kila moja ilifika mia nne ikakata roho, tena kwa kuchagua wakati: jambazi anashika kitasa cha mlango, giza. Nikawaandikia kwa uchungu. Mkamtuma mtu wenu wa mauzo, yule mwenye tai na mkoba, akaapa mbele ya Tajiri wetu kwamba hii mpya itakwenda saa elfu tatu. Mimi nilicheka, kwa sababu mtu wa mauzo akiapa, mwenye akili zake hucheka. Kumbe safari hii mmeajiri mtu mkweli, na ukweli wake umeniharibia maisha. Sikatai kwamba nilijitakia. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini jembe mliniuzia ninyi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Balbu haifi. Leo asubuhi mita imesoma saa elfu moja mia nne na kumi na mbili, na mwanga ni mweupe kama wa siku ya kwanza. Wahenga walisema hakuna refu lisilo na ncha. Walikuwa watu makini, wazee wale, na sasa wamefanywa waongo na kampuni yenye lifti.

2. Watazamaji wetu wameanza kuziona sinema mpaka mwisho. Hamjui mlichofanya. Zamani balbu ilipoungua katikati, mtu alitoka akiilaumu balbu, na kichwani mwake sinema ilibaki nzuri. Sasa hakuna wa kusingiziwa. Wiki iliyopita wanaume wawili walinizuia kwenye ngazi wakitaka niwaeleze kwa nini shujaa alimsamehe mjomba wake aliyeuza shamba la urithi. Mimi nitajuaje? Miaka tisa hatukuwahi kufika kwenye msamaha.

3. Ndoa za mtaa huu. Balbu ya zamani ilikuwa shahidi wa waume wengi. Mtu akichelewa kurudi alisema tu kwamba balbu iliungua wakangoja, na mkewe alikubali, maana mtaa mzima uliijua tabia yake. Leo wake zao wanajua kwamba sinema ya jioni inatoka saa mbili na dakika kumi, na kwamba kutoka kwetu mpaka nyumbani ni mwendo wa robo saa. Fundi viatu wa hapa jirani, ambaye hajakanyaga ukumbini tangu aoe, alikuja mlangoni kunilaani kwa kumharibia kisingizio. Nikamwomba radhi kwa niaba yenu. Naomba mnirudishie radhi hiyo.

4. Heshima yangu. Balbu ya sinema haibadilishwi kama ya sebuleni. Ndani yake kuna hewa iliyoshindiliwa, na ikijisikia hupasuka hata ikiwa baridi. Kwa hiyo nilikuwa navaa kinga ya uso, koti zito, na glavu zinazofika kwenye viwiko. Watazamaji wakigeuka na kuniona kwenye kidirisha nikiwa hivyo, walinyamaza. Watu waliolipa kiingilio wakanyamaza, Ndugu Meneja! Nilikuwa mtu. Sasa koti limeota ukungu, na Tajiri amegundua kwamba kazi yangu yote ni kubonyeza kitufe cha kijani mara tatu kwa siku. Akaniuliza, kwa upole wa kutisha, kama sitajali kufagia pia. Nafagia. Nimeokota meno ya bandia safu ya tatu, na mwenyewe hajaja kuyaulizia.

5. Hili nilitaka kuliacha. Nimeliandika nikalikata mara mbili, kama unavyoona kwenye karatasi.

Kanuni mliyoichapa wenyewe kwenye boksi inasema balbu isibadilishwe na mtu mmoja. Mmoja afungue, wa pili amulike tochi na kusoma mita. Sasa sisi watu wa pili hatuna wengi. Tajiri anaogopa mlipuko, na mlinzi haruhusiwi kuacha lango. Anabaki muuza tiketi wetu, mjane, ambaye wote tunamwita Bi Dirisha kwa sababu mji mzima unamjua kuanzia kidevuni hadi kwenye paji la uso, basi. Kila balbu ilipoungua alifunga dirisha lake, akapanda ngazi ishirini na mbili na tochi mkononi, na kwa dakika ishirini tulikuwa wawili chumbani huku watu mia wakipiga miluzi chini. Mkono wake hautikisiki. Alinisimulia habari za dada yake mkorofi na bati lake linalovuja, nami nikamjibu ashikilie hapo hapo, maana ndiyo maneno pekee niliyokuwa nayo.

Balbu za zamani zilimleta mara sita kwa mwaka. Yenu hii, kwa miezi saba, haijamleta hata mara moja. Asubuhi nampita dirishani, namsalimia, ananiitikia, na katikati yetu kuna kioo chenye tundu la kupitishia tiketi. Kwa kiapo cha mtu wenu, balbu itaungua baada ya miezi minane. Yeye anaacha kazi baada ya mitano, anahamia kwa mwanawe, mbali. Nimeipiga hesabu hiyo kwa kalamu na kwa vidole, haibadiliki. Nina miaka hamsini na mbili, na namkumbuka mtu aliye ngazi ishirini na mbili chini yangu. Haya, nimesema.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, mje mchukue balbu yenu na mtuletee mbovu. Nasisitiza: mbovu. Kama ghalani mnazo zile zilizorudishwa na wateja kwa matusi, hizo hizo. Kama hamna, mtumeni tena bwana mwenye tai aje aapie nyingine, na safari hii aape kwamba itadumu milele, huenda Mungu akaona vibaya akaingilia kati. Mkikataa yote mawili, nitawashtaki kwa wakaguzi wa bidhaa kwamba mmeuza kitu ambacho kiko sawasawa na kilivyoandikwa kwenye boksi. Sijui watawafanya nini, kesi ya namna hiyo hawajawahi kuipata.

Nisalimie mhasibu wenu, mtunza ghala, na yule mama wa mapokezi anayenikatia simu. Mwambie sina kinyongo, hata mimi ningejikatia. Mwenye tai naye msalimie, ila kwa mbali.

Ni mimi ninayeungua badala yake,

Mwendesha Mashine

Nyongeza: Bahasha na stempu za ofisi hukaa kwa Bi Dirisha, nami, kwa ujinga wa mtu aliyezoea kukaa peke yake, nilimpelekea barua hii ikiwa wazi. Aliisoma yote, foleni ikimsubiri. Kisha akafunga dirisha akapanda ngazi, bila tochi, projekta ikiwaka kama kawaida yake. Ameniagiza niwaombe radhi. Balbu zenu za zamani hazikuwa na kasoro yoyote. Kila nilipogeuka kuchukua bisibisi, yeye aliipapasa ile mpya kwa kidole alichokipaka mafuta ya mikono, kwa sababu alisoma kwenye boksi kwamba kioo kikiguswa, balbu haimalizi nusu ya maisha yake. Miaka tisa! Hii ya sasa mmeileta ndani ya mfuniko wa chuma, akakosa pa kupapasa, na kumbe amekuwa akiwalaani kuliko mimi. Kwa hiyo nayaondoa malalamiko yote matano. Balbu ibaki. Kwa mwanawe haendi tena. Ila anauliza kama kampuni yenu inauza viti, maana humu chumbani kipo kimoja, amekikalia yeye, na nyongeza hii naiandika nimesimama.