Mpango wa Miaka Mitano wa Nyabiondo

Jumatatu, 12 Mei 2008
Furaha! Alhamisi wageni wanatoka Goma na friji ya chanjo. Watakipa kituo cha afya chenye mpango mkakati bora na wagonjwa wengi: sisi, au kile cha kijiji jirani cha Kingi kwa Gustave, mkuu wa kituo kama mimi, yule anayeringia bati jipya. Nimeandika mpango wa miaka mitano kwa nusu siku. Maabara! Wodi ya uzazi! Bustani ya maua! Mama Élisabeth, muuguzi wetu mkuu, akacheka. Eti kwa vita hii yeye hupanga mpaka saa nane mchana. Wivu tu.

Jumanne, 13 Mei
Kasoro moja: wodi tupu. Watu wamepona makusudi ili waniaibishe. Lakini akili ni mali. Nimepita nyumba za kilimani nikiwaomba waje kulazwa Alhamisi, kila mtu na godoro lake, maana yetu yaliliwa na panya. Papa Shyaka, mfugaji, atawapa maziwa. Wamekubali! Mama Kahambu wa duka ameahidi kuchechemea. Élisabeth akaniuliza: "Papa Faustin, weye iko na akili, ao iko na malaria?" Viongozi hatujibu.

Alhamisi, 15 Mei
Wagonjwa wangu waliteremka kilima kwa mstari, magodoro kichwani, watoto mgongoni. Nililia kwa furaha. Kisha watu wa sokoni wakawaona. Hapa kwetu mtu akibeba godoro asubuhi, hakuna anayeuliza kuna nini. Soko zima mbio kuelekea Kingi, na mbuzi na sufuria! Nikapiga kelele kwamba si vita, ni mpango mkakati. Wakaongeza mbio. Wagonjwa wangu nao wakatimka, Mama Kahambu mbele ya wote. Nikakimbia na mimi. Huwezi kujua.

Ijumaa, 16 Mei, Kingi
Msiba. Wageni walikuta kituo cha Gustave kimefurika watu wetu. Mpango wake ulikuwa sentensi moja: watu wakikimbia, tuwapokee. Wakamsifu! Friji imebaki kwake. Élisabeth atakuwa akifuata chanjo huku kwa miguu. Roho inaniuma.

Jumapili, 18 Mei, Nyabiondo
Tumerudi. Nimefikiri misa nzima na kosa nimeliona: watu walikimbia upande usiofaa. Agosti wageni wanakuja tena, na pikipiki ya kushindaniwa. Nimemwomba Papa Shyaka asubuhi hiyo apite katikati ya Kingi na ng'ombe wake wote, godoro kichwani, akielekea kwetu. Amenitazama tu, akaenda zake na ng'ombe wake. Kwenye mpango nimeandika amekubali.