Bibi Harusi na Maji Yenye Dawa

Jumatano, 4 Machi
Tangi limejaa! Ndoo sita za maji ya bomba, pakiti nzima ya chumvi ya baharini. Ndani yumo samaki wangu mmoja, Bibi Harusi: rangi ya chungwa, mistari mitatu myeupe. Nimekaa mbele ya kioo tangu adhuhuri. Nahisi sebule nzima inaelea polepole, kochi na mimi juu yake. Mke wangu kasema kona ile ilikuwa ya cherehani yake. Nimemjibu kwamba sasa ni bahari.

Alhamisi, 5 Machi
Bibi Harusi kalala ubavu. Shemeji, kaka wa mke wangu, mjuaji wa samaki, kaja bila kuitwa. Kasema samaki hamalizi wiki, maana maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu. Lazima yachujwe kwanza. Ana mtambo kwake, unatoa tone, tone, tone, ndoo moja kwa siku nzima. Akataka kunipa maji yake. Nimekataa kwa adabu. Samaki mgonjwa, maji yana dawa, halafu dawa itolewe? Wivu tu.

Ijumaa, 6 Machi
Nimeongeza dozi. Dawa ya maji, chupa ndogo, ya dukani hapo jirani. Kifuniko kimoja kwa kuanzia. Tangi linanukia hospitali. Maji yameng'aa hadi nikamwona mke wangu ng'ambo ya kioo, kashika kiuno. Nikasinzia. Nikaota naogelea kati ya viti, mwepesi, sidaiwi neno na mtu. Kuzinduka, Bibi Harusi yuko juu anatweta, na shemeji keshafika na ndoo yake. Kaondoka naye. Nimelia kidogo, bafuni, bomba likiwa wazi mke wangu asinisikie.

Jumapili, 8 Machi
Bahari imemwagwa. Cherehani inanguruma konani. Mke wangu katoka kwa kaka yake na habari: Bibi Harusi anakula, anazunguka, mzima kabisa, tena katika maji yaliyochujwa. Nimefurahi hadi nikakosa pa kukaa. Hebu hesabu: Ijumaa kanywa dawa, Jumapili kapona. Imefanya kazi! Shemeji, bila shaka, anajipa sifa.

Hofu yangu ni moja. Dozi haikuisha, naye hana habari. Nimemwandikia kwamba kesho naja kumjulia hali mgonjwa. Chupa nimeshaitia mfukoni.