Kesi ya Bukini na Taa ya Bluu

Jumatatu, 7 Aprili
Nimeokoka! Darasa la Takwimu nimeshachelewa mara mbili. Profesa Lindqvist kaapa kwamba ya tatu ananifuta, na bila Takwimu sihitimu Mei. Leo, chini ya kilima, mvua ya Ohio ikinimwagikia, bata bukini anayelinda mayai yake akanitoa mbio. Nikakumbatia nguzo ya dharura, ile ya kuitia walinzi wa chuo, nikabonyeza kitufe. Taa ya bluu ikawaka. Afisa Hruska wa ulinzi akaja na gari, akanifikisha hadi mlangoni. Dakika nne kabla ya saa mbili! Delbert, mwenzangu wa chumbani, kafika kwa miguu, ulimi nje. Nimepata wazo.

Jumanne, 8 Aprili
Nimebonyeza tena. Bukini alikuwa kalala zake. Nikamwambia afande kuwa ananitishia hata usingizini. Lifti ya bure! Delbert kaniuliza kama sioni haya, dume zima na ndevu zake kumkimbia ndege. Wivu tu huo.

Jumatano, 9 Aprili
Afande kaja na fomu. Kauliza bukini ana rangi gani, na kama tuna ugomvi wa zamani. Nikajibu yote kwa huzuni, nikasaini. Darasani niliwahi.

Alhamisi, 10 Aprili
Balaa! Nimebonyeza, afande kaja na bwana wa wanyamapori mwenye wavu. Afande akasema kesi imefika pazuri, kilichobaki ni mimi kumtambua mshitakiwa. Kando ya bwawa, bukini kumi na mmoja! Wote sura moja. Nikasema namsamehe. Akasema fomu haina sehemu ya msamaha. Nikanyoosha kidole ovyo. Niliyemnyooshea akanichana suruali. Nimeingia darasani saa mbili na nusu, nimeshikilia makalio. Profesa alichukua kalamu nyekundu, akalifuta jina langu.

Ijumaa, 11 Aprili
Nimempigia mama. Kumbe alishanunua gauni la mahafali! Nililia, akalia, akasema gauni litangoja. Delbert anasema ningeamka dakika kumi mapema tu. Hana ubunifu yule. Takwimu narudia kiangazi, upande wa pili wa chuo. Nimeshakagua: kilima kipo, nguzo ya taa ya bluu ipo, bukini hakuna hata mmoja. Kosa langu lilikuwa kuchagua mnyama anayekamatika. Kuanzia Juni naogopa kindi.