Projekta Isiyoogopa Jua

Aristides alikuwa mlangoni pa banda la kuonyeshea mpira la Mama Hedwiga, Kaloleni, akinywa chai ya mkopo, aliposikia wateja wakilalamika. Televisheni ilikuwa ndogo. Waliokaa nyuma waliuliza nani kafunga, na waliokaa mbele waliwajibu kwa jeuri. Aristides akashusha kikombe. Malalamiko ya watu ndiyo yalikuwa shamba lake, na siku hiyo mahindi yalikuwa yamekauka vizuri.

"Mama, unahitaji projekta. Ukuta mzima unakuwa uwanja."

"Niliazima moja," Hedwiga alijibu bila kumtazama. "Mechi ya mchana picha ikafifia kama chai ya majani yaliyorudiwa. Watu wakadai kiingilio chao."

"Hiyo ni ya taa za zamani. Yangu haiogopi jua. Kesho niachie banda, nifunge mitambo."

Mitambo yenyewe ilikuwa boksi jeusi lenye lenzi ya kamera mbovu, limejaa magazeti, pamoja na televisheni bapa ya inchi sitini na tano. Televisheni ilikuwa ya baba mkwe wake, Mzee Abdiel wa Engutoto, aliyeambiwa inakwenda kwa fundi. Aristides aliipitisha mlango wa nyuma ndani ya blanketi, akaiegemeza ukutani, akaifunika kwa kitambaa cheupe chembamba kilichovutwa mpaka kikagusa kioo. Angeuza boksi, kisha angerudi kuiba televisheni kabla ya Jumamosi. Mzee hakosi mechi ya Jumamosi, na Aristides alikuwa anaishi nyumbani kwa mzee.

Siku ya pili mchana, jua likiingia kwa kila tundu la bati, picha iliwaka. Namnyaki, muuza chapati wa mlangoni, alipiga makofi.

"Na huu waya?" Hedwiga aliuliza. Ulitoka kwenye boksi ukapotelea nyuma ya kitambaa.

"HDMI, mama. Ndiyo inayobeba picha."

"Ile ya kuazima ilirusha picha hewani."

"Ndiyo maana ilififia! Hewa ya hapa ina ukungu wa Mlima Meru. Hii inapita ndani ya waya, haikutani na ukungu."

Maelezo hayo hayafundishwi chuo chochote, na ni vyema. Hedwiga alikuwa ameshafungua pochi, ila kwanza akainuka kufuata chupa ya chai, akapita kati ya boksi na kitambaa.

Akasimama. Hakukuwa na kivuli. Akajitazama kifuani: hakuna mchezaji aliyekimbia kwenye kitenge chake. Mama mzima, mnene, amesimama mbele ya projekta na mechi inaendelea kana kwamba yeye ni moshi.

Alimimina chai taratibu.

"Fundi, boksi na waya ni vyako?"

"Vyangu kabisa."

"Kitambaa?"

"Hicho nakupa bure, mama."

"Na nyuma ya kitambaa?"

Aristides alicheka. "Kuna nini zaidi ya ukuta wako?"

"Hakuna kitu chako hapo?"

"Hata msumari!"

"Namnyaki, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi boksi lako silitaki. Beba uende. Ukuta wangu uniachie kama ulivyo."

Aristides alibeba boksi lake. Kila neno lililofika kwenye ulimi lilikuwa ushahidi dhidi yake. Jioni ile ile Hedwiga alibadilisha makufuli.

Jumamosi kiingilio kilikuwa kimepanda na foleni imefika barabarani. Kila mtu alitaka kuona projekta ya maajabu. Safu ya mbele alikaa Mzee Abdiel, ambaye nyumbani hakuwa na cha kutazama, na pembeni yake mkwe aliyemlipia.

"Picha ndiyo hii sasa!" mzee alimpiga begani. "Ile yangu ikipona huko kwa fundi, iuze. Hela yake ninunulie kama hii."

"Sawa, baba."

Watu walipotoka, Aristides alibaki mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, ile... ya nyuma ya kitambaa. Huwezi kuniuzia?"

Hedwiga alimtazama kwa huruma ya kweli, huku akifunga kufuli.

"Nikuuzie ukuta, fundi? Bati nitaliegemeza wapi?"