Mbwa wa Bwana Saa Hakuzikwa Kimyakimya

Jumatatu, 10 Januari 1955

Nimemaliza darasa la nane. Nimeamua kuwa muuguzi. Shule ya wauguzi inataka fomu (ninayo), afya njema (ninayo) na barua ya mtu anayeheshimika. Hiyo sina.

Hapa karibu na stesheni ya Usoke, mtu wa namna hiyo ni mmoja tu: Memsabu, mke wa Bwana Saa. Zamani alikuwa muuguzi kwao Uingereza. Bwana Saa alifanya kazi ya reli miaka thelathini, akastaafu, akakataa kurudi kwao. Wakajenga nyumba ya matofali mahali treni inaposikika. Mwaka wa nane huu. Memsabu hupanda mawaridi. Mchwa huyala. Hupanda mengine. Bwana Saa kila siku husimama kando ya reli na saa yake mkononi, akiandika treni imechelewa dakika ngapi. Kumi na mbili. Daima kumi na mbili! Treni haichelewi. Saa yake ndiyo inayotangulia. Kijiji kizima kinajua, na hakuna mwenye moyo wa kumwambia.

Tatizo langu: mbele ya wazungu ulimi hufa. Mwaka mzima nimempelekea Memsabu mayai, na sijawahi kumjibu zaidi ya "Ndiyo, Memsabu." Hata siku aliyoniuliza jina. (Apolinaria. Si gumu.)

Na muda hakuna. Baba amesema barua isipopatikana, Jumatatu ijayo napanda treni kwenda Bukene kulea mapacha wa shangazi. Mapacha!

Halafu kuna Koleta. Tulisoma darasa moja. Desimali hajui hadi leo, lakini huongea na wazungu kama anaongea na shangazi zake. Naye anataka barua hiyohiyo. Memsabu hawezi kuandika barua mbili. Nina hakika.

Mpango: fomu yangu iwekwe juu ya meza ya baraza, chini ya sahani ya mayai. Ataiona. Ataguswa. Ataandika. Hakuna kuongea.

Jumanne, 11 Januari

Aliyeiona ni Bwana Saa. Ameandika nyuma yake malalamiko ya dakika kumi na mbili na kuyatuma posta Dar es Salaam. Mpishi wao, Mzee Bernardo, ndiye aliyenieleza. Anasema Bwana alifurahi mno kupata karatasi ngumu. Sasa wakubwa wa reli wanajua jina langu, umri wangu, na kwamba sijawahi kuugua surua.

Nimenakili fomu nyingine kwa mkono kutoka ile ya Koleta. Alinipa bila kuuliza. Ananidharau.

Jumatano, 12 Januari

Meja amekufa! Ni mbwa wao: mwili wa mbwa, miguu ya kenge. Miaka kumi na tatu, na nyama kila siku. Sisi nyama ni Krismasi na Pasaka, wala hatukuwa na kinyongo. (Uongo. Tulikuwa nacho.) Alianguka kando ya reli akingoja treni pamoja na bwana wake.

Maziko kesho asubuhi, chini ya mlingoti wa bendera. Watu wote wamealikwa. Kijijini pakawa na kikao. Baba mdogo Wenceslaus akasema yeye ana umri wa miaka sitini na hataanza leo kuvua kofia kwa ajili ya mbwa. Mama akamjibu kwamba habari za mbwa yeye hazijui. Anachojua ni kwamba jirani amefiwa, na jirani akifiwa anapelekewa unga na kuni. Kafiwa na nani, hayo ni ya kwake. Kikao kikaisha.

Wanawake wakapeleka unga, kuku wawili na mizigo mitatu ya kuni. Memsabu akatoka barazani, akazitazama zile kuni, akamuuliza Mzee Bernardo kwa hofu kama tunataka kumchoma Meja.

Nikiwa kinuni wazo likanijia. Unga kila mtu amepeleka. Lakini msiba huu hauna mtani! Sisi Wanyamwezi tunataniana na Wazaramo tangu babu zetu walipobeba pembe za ndovu hadi pwani. Maziko bila mtani wa kuwazomea wafiwa ni maziko ya watu wasio na kwao. Atakayeleta mtani ataonekana ana adabu kuliko wote, Koleta akiwemo. Memsabu atauliza ni nani. Watanionyesha kwa kidole. Nami nitainamisha kichwa tu. Safi!

Nikakimbia stesheni kwa Mwanajuma, Mzaramo anayeuza vitumbua. Akauliza marehemu ni kabila gani. Nikamnong'oneza kwamba ni mbwa, lakini kazaliwa hapahapa. Akafikiri kidogo. Akasema kama kazaliwa hapa basi ni Mnyamwezi, tena mwenye akili kuliko wengi anaowafahamu. Akauliza kama wenye msiba wanaujua utani. Nikamwambia wamekaa nchini miaka thelathini na nane, wanajua kila kitu.

Alhamisi, 13 Januari

Mungu wangu. Naandika nikiwa ndani ya ghala la mahindi.

Mvua ilinyesha alfajiri. Kaburi lilikuwa na maji ya kufika kwenye vifundo. Meja alilala ndani ya sanduku la mvinyo. Bwana Saa alivaa koti lake la reli na kutusalimu "Mwangaluka." Huwa anatuamkia hivyo hata jioni, leo ilikuwa asubuhi kweli, tukamwitikia kwa furaha. Akasoma maneno ya kitabuni. Nikaona kidevu chake kinatetemeka, nami nikaanza kulia bila kupanga.

Ndipo akaja Mwanajuma. Kwa mikono na magoti. Akibweka.

Alipita katikati ya wazee, akamnusa Baba mdogo Wenceslaus, akatumbukia kaburini na kulala chali kwenye matope. "Sitoki!" akapiga kelele. "Shimo langu hili! Wanyamwezi wachoyo ninyi, leteni kofia ya mfiwa ndipo nitoke!" Bwana Saa alikuwa ameduwaa. Akaitoa.

Mwanajuma akatoka, akaivaa, akachomoa kifuniko cha sufuria kutoka kwenye kanga, akasimama vilevile anavyosimama Bwana Saa, tumbo mbele. "Dakika kumi na mbili! Dakika kumi na mbili!" Kisha akaligeukia sanduku. "Pole, mtani wangu. Miaka minane umeungua na jua kwa ajili ya treni ambayo haijachelewa hata siku moja. Mwenzako saa yake ina wazimu! Na waoga hawa wote walijua, wakakuacha ufe nayo!"

Bwana Saa anakijua Kiswahili vizuri sana. Akawa mwekundu, akawa mweupe, akawa rangi ambayo masista wa shuleni hawakutufundisha. Akanguruma: ni nani aliyemleta mwanamke huyu?

Hapo ulimi wangu ukafufuka. Baada ya mwaka mzima! Sentensi kamili, kwa Kiingereza, bila kosa hata moja, kwa sauti ya kufika stesheni, nikasema: ni Koleta.

Nikatimua mbio.

Ijumaa, 14 Januari

Mama amenitoa ghalani. Alikuja na mwiko, lakini pia na habari.

Nilipokimbia, Memsabu alianza kutetemeka. Wanawake wakamshika wakidhani analia. Kumbe anacheka! Alicheka hadi akakaa kwenye matope na gauni lake jeusi. Akasema amejua habari ya saa hiyo miaka yote minane. Kila asubuhi huisogeza saa ya ukutani ili ilingane na ya mumewe, kwa kuwa hana moyo wa kumwambia. Bwana Saa akaitoa saa yake, akairudisha nyuma. Treni ikaingia. Kwa mara ya kwanza ilikuwa imewahi. Bwana Saa akaipigia makofi, machozi yakimtoka. Kisha akaomba kofia yake. Mwanajuma akakataa, kofia iliyotolewa kaburini hairudi. Leo anauza vitumbua akiwa ameivaa.

Ndipo Memsabu akataka kumwona huyo Koleta aliyemleta mtani, amshukuru. Koleta, ambaye hakujua lolote, akajitokeza na kusema si kitu, ilikuwa wajibu wake. Akaulizwa anataka zawadi gani. Barua. Ikaandikwa palepale, kurasa mbili, ikisifu busara yake.

Kurasa mbili! Busara yangu!

Nikamuuliza Mama kama Memsabu hakunitaja. Akasema alinitaja: yule wa mayai mbona alikimbia? Kama naye anataka barua, aje aseme tu. Huwaandikia wote wanaomwomba, karatasi anazo.

Jumamosi, 15 Januari

Nimepeleka mayai. Memsabu alinishika bega, akaniuliza taratibu, kwa Kiswahili, kama nina jambo la kumwambia. Nikasema hapana, asante. Akauliza tena. Nikasema ndiyo, Memsabu. Akainama karibu kabisa, akauliza ni jambo gani. Nikamwambia mayai ni sita.

Treni ya Bukene ni keshokutwa. Nimekaa chini na kulitafakari kosa langu kwa uaminifu. Kosa ni moja: nimewatumia watu wasio na vyeo. Kwa hiyo mchana huu nimeandika barua kwa Memsabu, kumwomba amwandikie barua binti mmoja mkimya na mkweli sana aitwaye Apolinaria. Nimetumia mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane. Chini nimetia sahihi ya Askofu wa Bukene.

Bukene hakuna askofu, kwa hiyo hakuna wa kukasirika.